Nyumba Mbagala, sanduku Posta: kwa nini barua pepe ya domeni yako haifiki

Kadi ilikuwa nzuri kweli. Karatasi nene, maandishi ya bluu, jina la duka la vifaa vya umeme hapo Kariakoo, namba mbili za simu, na chini kabisa anwani ya barua pepe inayoanza na info na kuishia na jina la duka lenyewe. Mwenye duka alikuwa amechapisha kadi 500. Nikatoa simu palepale kaunta, nikamtumia neno moja tu la majaribio. Tukasubiri. Akaagiza soda, tukanywa, tukasubiri tena.

"Mdogo wangu, labda mtandao unasumbua," akasema.

Mtandao ulikuwa mzima. Ila anwani ile haikuwahi kuwepo hata siku moja. Tovuti ilikuwepo, tena inafunguka vizuri na picha za swichi na mabunda ya nyaya, kwa sababu kijana mmoja alimtengenezea na kuiweka kwenye hosti ya bure. Mzee akaamini kwamba mwenye tovuti moja kwa moja ana barua pepe, akaenda kwa mchapishaji. Miezi minne anagawa kadi.

Swali lake nimeulizwa na wengi: domeni ninayo, tovuti inafunguka, mbona barua haziji? Na tangu Februari 2024, Google na Yahoo walipokaza masharti kwa wanaotuma barua kwa watumiaji wao, limeongezeka la pili: mbona ankara ninazotuma zinaangukia kwenye spamu? Mzizi ni mmoja. Tovuti na barua pepe ni vitu viwili visivyojuana kabisa. Kinachoviunganisha ni jina tu, na jina hilo lina daftari lake ambalo wengi wetu hatujawahi kulifungua.

Nyumba na sanduku

Maneno matano kwanza. Domeni, au kikoa kama wanavyoandika maofisini, ni jina unalolikodi, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Nasema kukodi kwa makusudi, maana mitaani husemwa "nimenunua domeni", lakini usipolipia mwakani jina linaondoka. Anayekukodisha anaitwa msajili. Hosti ni kampuni yenye kompyuta inayokesha ikiwa na mafaili ya tovuti yako. Mtoa huduma ya barua ni mwingine, mwenye kompyuta ya kupokea na kutunza barua zako. Na DNS ni daftari linaloeleza tovuti ya jina fulani iko wapi na barua zake zipelekwe wapi.

Sasa kumbuka S.L.P. Kwetu tarishi hakuzoea kubisha hodi nyumbani. Mtu anaishi Mbagala, barua zake zinaingia sanduku la Posta mjini, na ufunguo wa sanduku uko kwenye pete moja na ufunguo wa geti. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba akimaliza kujenga, sanduku la posta litaota ukutani. Sanduku lilikuwa na ofisi yake, fomu yake na ada yake ya mwaka. Kwenye DNS ni hivyohivyo. Rekodi iitwayo A inasema nyumba iko wapi, yaani namba ya kompyuta yenye tovuti. Rekodi iitwayo MX inasema sanduku liko wapi. Anayekuja kutazama tovuti haulizi MX, na seva, yaani kompyuta ya huduma, inayoleta barua huuliza MX kabla ya kitu kingine chochote.

Daftari hili si la jana. Zamani majina yote ya kompyuta yaliandikwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya Stanford huko Marekani, na kila mwenye kompyuta alilinakili. Faili likawa kubwa mno. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambayo kila mwenye jina anatunza ukurasa wake mwenyewe. MX yenyewe ilikuja 1986. Kwa hiyo kama umewahi kuchanganya nyumba na sanduku usijilaumu sana. Hata wataalamu iliwachukua muda kulipanga jambo hili likakaa sawa.

Daftari liko kwa nani?

Nikiambiwa nitoe somo moja tu kati ya yote, ningetoa hili, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima.

Mtaani ukitaka kujua fulani anaishi wapi unakwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwenye DNS wajumbe wanaitwa seva za majina, na kila domeni ina zake, kwa kawaida mbili au zaidi, ambazo unazitaja kwa msajili. Dunia nzima ikitaka habari za jina lako inawauliza hao peke yao. Ukikodi domeni leo, mjumbe wa kwanza huwa ni msajili mwenyewe: daftari liko kwake, unaingia kwenye akaunti yako na kuandika.

Kisha unafungua akaunti kwenye hosti ya bure. Wanakuambia: badilisha seva za majina, weka zetu. Unabadilisha, tovuti inafunguka, unafurahi. Ulichofanya ni kuhamisha daftari zima. Kuanzia hapo mjumbe ni hosti. Baada ya wiki mbili unataka barua pepe, unarudi kwa msajili, unaandika MX vizuri kabisa, unabofya kuhifadhi, alama ya kijani inatokea. Na hakuna kinachobadilika, kwa sababu umeandika kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma tena. Paneli nyingi za wasajili, yaani kurasa za kuendeshea akaunti yako, hazikuonyi, zinapokea tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa rekodi yoyote, uliza mjumbe ni nani. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri uandike hivi, ukiweka jina lako mahali pa mfano:

nslookup -type=ns mfano.co.tz

Kama huna kompyuta, fungua ukurasa wa dns.google kwenye simu, andika domeni na uchague aina ya rekodi NS. Majina yatakayorudi ndiyo wajumbe wako. Ukiona ya msajili, andika kwa msajili. Ukiona ya hosti, itabidi uandike kwenye paneli ya hosti, na hapo kuna tatizo lake. Paneli za baadhi ya hosti za bure zinakuruhusu rekodi mbili tatu tu. Unaweza kukuta MX ipo lakini TXT, ile rekodi ya kuandika maandishi, haipo, na bila TXT, kama utakavyoona, barua zako zitapokelewa ila zikitoka zitaonekana za kitapeli.

Lile duka la Kariakoo lilikuwa katika hali hiyohiyo. Paneli ilikuwa na kitufe cha akaunti za barua pepe, lakini ukikibofya unaambiwa lipia kwanza, na mahali pa kuandika TXT hapakuwepo kabisa. Tulichofanya ni kurudisha seva za majina kwa msajili, kisha kwenye daftari la msajili tukaandika A ya tovuti, tukaendelea na MX. Si lazima umpe hosti daftari ili akuhifadhie tovuti. Inatosha kuandika namba ya kompyuta yake kwenye A. Kuna hosti za bure zinazokataa utaratibu huo na kutaka daftari lote. Mimi hosti ya namna hiyo naihama. Tovuti ya mzee ilikuwa kurasa tatu za maandishi na picha, tukaihamishia GitHub Pages, hosti nyingine ya bure, ambako namba za A zimetangazwa wazi na hawana haja ya daftari la mtu.

Na kama huna domeni yako, umepewa tu jina la bure chini ya jina la hosti, mfano duka.fulani.com, basi sahau. Ukurasa huo wa daftari ni wa mwenye fulani.com, huna mkono nao. Domeni za bure za kumiliki nazo zilikuwepo, zile za .tk, .ml na nyinginezo zilizogawiwa na Freenom, lakini kampuni hiyo ilisimamisha usajili mpya mwaka 2023 na Februari 2024 ikatangaza kuondoka kwenye biashara ya domeni. Waliojenga anwani za kazi juu ya majina yale wanajua kilichowapata. Hosti inaweza kuwa ya bure bila madhara makubwa. Jina, lipia.

Kwa nini hosti ya bure haitaki barua

Watu hudhani ni ubahili. Kuna sababu nzito zaidi. Tovuti mia kadhaa za bure zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja yenye namba moja ya intaneti. Mmoja wao akituma barua laki moja za "umeshinda bahati nasibu", namba ile inaingia kwenye orodha nyeusi, na barua za wenzake wote wasio na hatia zinakataliwa pamoja na zake. Tapeli hapendi kulipa, hivyo hukimbilia penye bure. Ndiyo maana hosti hizi hufunga njia za kutuma barua, na hata fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti yako inabaki pambo.

Suluhisho ni kuchukua barua kwa mtu ambaye kazi yake ni barua. Google walikuwa wakitoa huduma hii bure kwa domeni za watu, lakini walifunga mlango kwa wateja wapya Desemba 2012. Zoho, kampuni nyingine yenye huduma ya barua, wana mpango wa bure kwa watumiaji hadi watano, unaosomwa kwa kivinjari au kwa programu yao wenyewe. Kama unataka kupokea tu, kuna huduma za kupitisha, kama ImprovMX au ile ya Cloudflare: barua inayokuja info@ inasukumwa hadi Gmail yako ya kawaida. Inatosha kwa fundi mmoja. Kwa ofisi yenye watu watatu wanaojibu wateja, hapana, maana ukijibu kutoka Gmail mteja anaona anwani yako ya Gmail, na kadi zile 500 zinakosa maana.

Rekodi zenyewe

Tuseme domeni ni mfano.co.tz, tovuti iko GitHub Pages, barua ziko Zoho. Daftari litafanana na hivi:

@ A 185.199.108.153
www CNAME jinalako.github.io
@ MX 10 mx.zoho.com
@ MX 20 mx2.zoho.com
@ MX 50 mx3.zoho.com
@ TXT v=spf1 include:zohomail.com ~all
zoho._domainkey TXT v=DKIM1; k=rsa; p=(herufi nyingi)
_dmarc TXT v=DMARC1; p=none; rua=mailto:info@mfano.co.tz

GitHub wana namba nne za A, hapa nimeweka moja. Na tafadhali usinakili mistari ya Zoho kutoka kwangu wala kutoka kwenye video ya mtu. Zoho wana vituo vya data sehemu mbalimbali: akaunti iliyofunguliwa upande wa Ulaya ina seva zinazoishia na .eu, ya India .in. Mtu anatazama video, ananakili mx.zoho.com, kumbe akaunti yake iko kwingine, halafu analaumu msajili. Mistari sahihi iko ndani ya akaunti yako mwenyewe.

Alama ya @ inamaanisha domeni yenyewe bila kitu mbele yake. Paneli nyingi huongeza jina la domeni zenyewe, na hapo ndipo mtu anaandika _dmarc.mfano.co.tz kwenye nafasi ya jina, paneli inaongeza tena, rekodi inazaliwa ikiitwa _dmarc.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Hakuna kosa linaloonyeshwa popote. Rekodi ipo, ila mahali ambapo hakuna atakayeitafuta. Nimelifanya mwenyewe kosa hili, tena zaidi ya mara moja.

Namba za 10, 20 na 50 ni foleni. Ndogo huanza: barua inapelekwa kwanza kwa ya 10, ikishindikana ya 20, na kuendelea. Ni za kulinganisha tu. Ungeandika 1, 2 na 3 foleni ingekuwa ileile. Lakini zote ziwe za mtoa huduma mmoja. Kuna wanaoacha MX ya zamani ya hosti pamoja na mpya ya Zoho, "kwa usalama". Matokeo yake barua nyingine zinaingia huku, nyingine zinapotelea kule, na kila ukijaribu unapata jibu tofauti. Futa za zamani.

MX haielekezwi kwenye namba, huelekezwa kwenye jina la seva. Halafu kuna hili la CNAME. Rekodi hii husema "mimi ni jina la utani la fulani, kamuulize yeye kila kitu". Ukiiweka kwenye @ unakuwa umesema kila kitu kinachohusu domeni yako kaulizwe mwingine, ikiwemo barua, na kanuni za DNS haziruhusu ikae pamoja na MX. Kwenye www haina shida. Kwenye @ tumia A.

Na ile barua niliyomtumia mzee kaunta? Ilirudi kwangu siku ya tatu, ikisema imeshindikana. Kwa nini haikurudi palepale? Kwa sababu domeni isiyo na MX haihesabiwi kuwa haina sanduku. Kanuni ya zamani inasema: ukikosa MX, jaribu kwenye A. Kwa hiyo Gmail ilibeba barua hadi kwenye kompyuta ya tovuti, kwenye ile hosti ya bure, ikabisha. Haikufunguliwa mlango wala haikufukuzwa. Ikarudi baadaye ikabisha tena. Kanuni zinashauri seva ya mtumaji ivumilie siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa, ingawa nyingine hazifiki huko. Wateja wa mzee, kwa siku hizo zote, walidhani ombi lao la bei limefika na yeye amewadharau.

Barua ya utambulisho na muhuri

Mpaka hapa unapokea. Kutuma ni habari nyingine, kwa sababu barua pepe ilibuniwa na watu walioaminiana. Kwa asili yake mtu yeyote anaweza kuandika kwenye nafasi ya mtumaji jina lolote analotaka, kama ambavyo unaweza kuandika nyuma ya bahasha kwamba imetoka Ikulu. TXT tatu za mwisho kwenye daftari ndizo zinazoziba pengo hilo.

SPF ni orodha ya wanaoruhusiwa kubeba barua zako. Mstari wa v=spf1 hapo juu unasema: seva za Zoho ni wabebaji wangu, wengine washukuliwe. Ile alama ya ~ mbele ya all ndiyo kushuku. Ukiweka - unasema wakataliwe. Kuna wanaoweka +all baada ya kusoma mahali kwamba "inaondoa matatizo ya spamu". Hiyo inamaanisha dunia nzima inaruhusiwa kutuma kwa jina lako. Afadhali usiwe na SPF kabisa.

SPF ina kosa moja ambalo nakutana nalo kila mara. Mtu ana rekodi ya zamani ya hosti, anaongeza ya Zoho chini yake, sasa ana mbili. Kanuni inataka iwe moja. Zikiwa mbili mpokeaji anahesabu kwamba orodha imeharibika na hasomi hata moja. Ukiwa na wabebaji wawili, waweke kwenye mstari mmoja, include mbili zikifuatana. Na usijaze wengi, maana mpokeaji anaruhusiwa kufuatilia maulizo 10 tu ya DNS, akizidisha anaihesabu rekodi nzima kuwa mbovu.

DKIM ni muhuri. Unapokwenda kufungua akaunti benki na barua kutoka serikali ya mtaa, karani haangalii nani ameibeba, anaangalia muhuri wa mwenyekiti. Zoho wanagonga kila barua inayotoka kwa ufunguo wa siri walionao wao, na nusu ya pili ya ufunguo, ile ya wazi, unaibandika wewe kwenye DNS. Mpokeaji analinganisha. Barua ikichezewa njiani hata herufi moja, muhuri haulingani. Uzuri wake ni kwamba muhuri husafiri na barua. Mteja wako akiwa amepanga barua zake zipitishwe kwenda anwani nyingine, SPF inavunjika kwa sababu mbebaji amebadilika, lakini muhuri unabaki.

Ugumu wa DKIM ni wa mkono tu: zile herufi ni nyingi mno. Kipande kimoja cha maandishi ndani ya TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo wa biti 2048 unapita hapo. Paneli nzuri hugawanya zenyewe. Nyingine hukata mwisho kimyakimya, unabaki na nusu ya ufunguo. Ukinakili kwa simu hakikisha hakuna herufi iliyodondoka katikati, kisha linganisha herufi kumi za mwanzo na kumi za mwisho.

DMARC ndiyo amri kwa karani: akija mtu bila utambulisho wala muhuri unaolingana na jina lililoandikwa kwenye nafasi ya mtumaji, mfanye nini? p=none ni "mwache, ila niandikie taarifa". p=quarantine ni "mweke pembeni", yaani spamu. p=reject ni "mrudishe". Kimoja kati ya SPF na DKIM kikilingana na jina la mtumaji, barua inapita. Anza na none, kaa wiki mbili tatu, ukiona barua zako halali zote zinapita ndipo upandishe. Anayeanza na reject siku ya kwanza atajifungia nje mwenyewe.

Masharti ya 2024 yanahitaji vyote vitatu kwa anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail. Duka la swichi halifiki huko. Lakini hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM angalau, na barua isiyo na chochote inaweza kukataliwa mlangoni kwa namba ya kosa 550 5.7.26. Ukiiona namba hiyo, usibadilishe nywila wala usiandike tena barua yako kwa upole zaidi. Nenda kwenye daftari.

Hapohapo niseme kuhusu fomu za tovuti. Mafundi wengi hutengeneza fomu inayotuma barua ikijifanya imetoka kwa mgeni aliyeijaza. Mgeni mwenye anwani ya Yahoo akijaza, barua inakataliwa, kwa sababu Yahoo waliweka amri ya reject tangu Aprili 2014 na seva yako si mbebaji wao. Mtumaji awe anwani ya domeni yako, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye nafasi ya kujibu.

Zile saa 48

"Subiri saa 48 DNS isambae." Umeambiwa hivyo, nami nimeambiwa. Kwa kweli hakuna kinachosambaa. Ukibofya kuhifadhi, mjumbe wako huwa na jibu jipya baada ya muda mfupi. Kinachochelewesha ni kumbukumbu za waliokwisha kuuliza: mtandao wa simu, wa ofisi, wa Google, kila mmoja ananakili jibu na kulitumia mpaka muda wake uishe. Muda huo umeandikwa kwenye rekodi yenyewe kwa sekunde, unaitwa TTL. Ukiona 3600, ni saa moja. Saa 48 zinatokana na seva za .com, ambazo zinaruhusu habari za wajumbe zitunzwe sekunde 172800. Kwa hiyo ukibadilisha seva za majina, subira ina maana. Ukiongeza TXT, saa moja ikipita bila kitu, tatizo si subira, umekosea mahali.

Kuna ujanja mdogo. Jibu la "haipo" nalo hutunzwa. Ukianza kukagua rekodi kabla hujaiandika, unaujaza mtandao wako kumbukumbu ya kwamba haipo, kisha unaiandika na bado unaona haipo. Andika kwanza, kagua baadaye. Na kama unapanga kubadilisha MX iliyokuwa ikifanya kazi, shusha TTL hadi 300 siku moja kabla.

Kukagua kwenyewe ni rahisi. Tuma barua kutoka anwani mpya kwenda Gmail, uifungue kwenye kompyuta, bofya vidoti vitatu pembeni ya barua, chagua kuonyesha barua asilia. Juu utaona mistari mitatu ya SPF, DKIM na DMARC, na pembeni ya kila mmoja neno PASS au FAIL. Kwa mzee tulipata PASS mbili na FAIL ya DKIM; herufi moja ilikuwa imedondoka katikati ya ufunguo, kama nilivyosema. Tukairudisha, tukasubiri kidogo, zikawa tatu. Akajitumia barua sita mfululizo kuhakikisha.

Nikamuuliza domeni inaisha lini. Hajui. Risiti iko wapi? Kwa kijana aliyetengeneza tovuti. Na akaunti ya msajili, ambayo tulikuwa tumeingia mchana huo kwa namba ya uthibitisho iliyosomwa kwenye simu kutoka Dodoma, iliandikwa kwa barua pepe ya kijana huyohuyo. Maana yake onyo la kulipia likija, linakwenda Dodoma. Tukampigia tena.

"Badilisha weka ile ya info, si ndiyo imeanza kufanya kazi?" mzee akaniambia.

"Hapana, mzee wangu. Siku domeni ikiisha, info nayo inazimika, na onyo litakuwa limetumwa huko."

Tukaweka Gmail yake ya siku zote, ile anayosomea picha za wajukuu.